Motokaa Iliyozeeka Inapozimika Njiani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mbezi Beach)



Mimi si fundi, ni karani kama ninyi. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami kitanda hiki nimekilalia miezi mitano.

Wengi wetu tunaokaa huku Mbezi Beach tumenunua motokaa kwa mkopo, nazo ni motokaa zilizokwisha kutumika Japani miaka mingi kabla ya kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Yangu iliundwa mwaka 1997. Ilianza kwa kusitasita: nikikanyaga mafuta haikuitika mara moja. Halafu ikawa nikisimama penye njia panda ya Africana, sailensa yashuka, injini yatetemeka, kisha kimya.

Nalikwenda kwa fundi. Bila kuuliza neno akasema, "Pampu ya mafuta imekufa." Nikanunua pampu, ugonjwa ukabaki. Fundi wa pili akasema koili na plagi. Nikanunua, ugonjwa ukabaki. Ada ya shule ya muhula ikaenda katika spea, na nyumbani mke wangu akaacha kuniuliza habari za gari, jambo ambalo kwa mume ni baya kuliko kuulizwa. Kisha asubuhi moja nalikuwa nakata kuingia barabara ya Bagamoyo, watoto wangu wawili wamekaa nyuma, injini ikazimika katikati ya njia. Lori la mchanga lilifunga breki likasimama hatua chache tu kutoka mlango wa watoto. Siku ile nalijua ya kuwa jambo hili si la fedha peke yake.

Jioni nikajiuliza: Ofisini sithubutu kupeleka barua mbele bila jalada lake, mbona motokaa yangu haina jalada? Nikachukua daftari. Kila ilipozimika niliandika saa, mahali, mwendo, injini ni baridi au ya moto, mvua ipo au haipo, na mafuta yalitiwa lini. Baada ya wiki mbili daftari likasema lenyewe: haikuzimika hata mara moja katika mwendo wa kasi, wala katika kupanda kilima cha kwenda Goba. Ilizimika iliposimama tu, au ilipopunguza mwendo.

Sasa tufikiri pamoja. Injini ya petroli yataka mambo matatu: mafuta, hewa, na cheche, kila kimoja kwa kipimo chake na kwa wakati wake. Pampu dhaifu hushindwa pale mafuta mengi yanapotakiwa, yaani kilimani na katika kasi. Yangu ilipanda kilima vizuri. Basi pampu ilihukumiwa bila kosa. Tena plagi mpya zilikuwa zimekwisha kuwa nyeusi kwa masizi, dalili ya kuwa injini inapewa petroli nyingi mno.

Fundi wa tatu, mzee mmoja mwenye maneno machache, alisoma daftari langu kwanza. Akafungua boneti, akafuata kwa kidole mpira mwembamba unaotoka kwenye njia ya hewa ya injini kwenda kwenye sensa ya kupima mvuto wa hewa. Mwisho wake ulikuwa umepasuka. Injini ikiwa katika sailensa mvuto huwa mkubwa sana, na hewa ya nje hupenya katika ufa. Sensa hudhani kuwa injini ina mzigo mzito, petroli huongezwa, injini huzama ndani yake. Katika kasi mvuto ni mdogo, na ufa hauna madhara. Taa ya onyo haikuwaka, kwa maana sensa haikuwa mbovu: ilikuwa kama karani mwaminifu aliyeletewa barua ya uongo. Mpira mpya wa urefu wa shibiri moja ulitosha. Bei yake sitaitaja, kwa aibu.

Kwa ajili hiyo nimekusanya dalili ambazo kila mwanachama ayaandike katika daftari lake kabla ya kufungua mfuko.

Kwanza, ikikosa nguvu kilimani au katika kasi, anza na chujio la mafuta, kisha pampu, kisha uchafu wa tangi.

Pili, ikizimika inaposimama, hasa kipupwe kikiwa kimewashwa, tazama mipira yote ya hewa, na usafishe masizi katika mlango wa hewa na katika vali ya sailensa.

Tatu, ikisumbua wakati wa mvua au alfajiri yenye unyevu, shuku cheche: waya za plagi, na kifuniko cha distribyuta chenye ufa au maji ndani. Sisi tulio karibu na bahari tuna adui zaidi, nayo ni hewa ya chumvi.

Nne, ikizimika ikiwa ya moto, na kuwaka tena baada ya kupoa, koili yafaa kupimwa.

Tano, ikizimika ghafula na taa zote zikafifia, usinunue kitu. Safisha na kukaza vichwa vya betri na waya unaofungwa katika bodi, maana kutu huanzia hapo.

Sita, ikianza kusumbua mara baada ya kutia mafuta, yakumbuke mafuta yenyewe. Hamjasahau neno uchakachuaji. EWURA ilianza kutia alama katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuyachanganya iondoke. Hata hivyo, tunza risiti.

Tena, Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo chini ya boneti. Ukiunganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya onyo humetameta, nawe huhesabu. Ikimetameta sawasawa bila kukoma, hakuna kosa lililoandikwa. 22 ni sensa ya joto la maji. 41 ni sensa ya mlango wa hewa. Angalieni sana msikosee matundu, na mkumbuke mpira wangu: ukimya wa taa si ushahidi wa uzima.

Na ikikuzimikia njiani, usichomoe ufunguo, kwa maana usukani waweza kujifunga. Usukani utakuwa mzito, lakini utageuka. Breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili. Basi usizipampu, kanyaga mara moja kwa nguvu. Washa taa za hatari, pisha pembeni, shusha watoto upande usio na magari, weka pembetatu nyuma.

Mabwana, siwalaumu mafundi. Fundi asiyepewa habari hukisia, na makisio yake hulipwa kwa mshahara wetu. Sisi ndio tunaokaa na motokaa kila siku, nasi ndio tuliofundishwa kuandika. Daftari la kurasa chache lingaliniokolea pampu, koili, na plagi nne. Na lingaliniondolea ile asubuhi ya lori, ambayo mwanangu mdogo bado anaiota usiku.

Bwana Mwenye Kiti, nimekwisha. Daftari langu lipo mezani; atakaye na alitazame.