Simu Ipi Tuwanunulie Walimu Wetu?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa mwaka wa waliosoma shule hii)



Mwaka jana mkutano huu ulikubali kuchanga fedha ili walimu wetu saba waliostaafu wanunuliwe simu za kisasa, wapate kupokea fedha na kuonana na wajukuu wao kwa picha. Mimi nilitumwa kuangalia bei. Nimekwenda Kariakoo Jumamosi tatu, nami nimerudi na habari ambayo baadhi ya wanakamati hawakuipenda. Simu waliyokwisha kuichagua, ile inayong'aa mgongoni kama sahani ya harusi, naipinga.

Mgongo wa simu ile ni kioo. Zamani hatukuwa na shida hiyo. Nokia 3310 iliyotoka mwaka 2000 ilivaa plastiki. Ikianguka, mfuniko huku, betri kule, unaokota, unaunganisha, unapiga tena. Mwaka 2010 ikatoka iPhone 4 yenye kioo mbele na nyuma. Samsung nao wakaacha plastiki mwaka 2015, Galaxy S6 ikaja kwa kioo na alumini, na katika kubadilisha vazi hilo wakaondoa betri ya kuchomoa na nafasi ya memori kadi, vitu vilivyokuwamo katika S5 ya mwaka uliotangulia. Kadi ilirudi katika S7 mwaka 2016. Betri ya kuchomoa haikurudi.

Kweli, kioo hicho si cha dirisha. Hutumbukizwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa moto, chembe ndogo za sodiamu zikatoka usoni na chembe kubwa za potasiamu zikaingia mahali pake. Uso hubanana, ukawa mgumu kupasuka. Lakini kioo ni kioo. Funguo mfukoni kwa kawaida hazikidhuru. Mchanga hukichora, kwa sababu chembe nyingi za mchanga ni ngumu kuliko kioo. Na mchanga, ndugu zangu, sisi hatuununui. (Kicheko.)

Alumini haivunjiki hovyo, ila hubonyea na kupinda. Mwaka 2014 baadhi ya iPhone 6 Plus zilipinda mifukoni mwa watu, dunia nzima ikasema. Tena metali huzuia mawimbi ya redio, ndiyo maana mnaona mistari ya plastiki ubavuni mwa simu za alumini. Mwaka 2023 Apple walihamia titani kwa simu zao za juu, na mwaka 2025, katika iPhone 17 Pro, wakarudi kwenye alumini. Ikiwa wao wenyewe hawajatulia, sisi tunakimbizana na nani?

Mimi mwenyewe nilinunua ya kioo kwa mkopo. Mwezi wa nne ikaniponyoka ngazini ofisini. Fundi alitaka karibu theluthi ya bei yake, kwa mgongo tu. Mwenye duka akanikumbusha kwamba dhamana haihusu kuanguka. Nikabandika selotepu, nikaendelea kukatwa mshahara miezi minane kwa ajili ya simu yenye selotepu. Naona Mwenyekiti anacheka, aliiona.

Juu ya maji niseme kidogo. Alama ya IP67 maana yake vumbi haliingii, na simu hustahimili maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Ni maji baridi yaliyotulia, si ya bahari wala ya sabuni, na gundi inayoziba hulegea kadiri simu inavyozeeka. Mwalimu wetu anayevua samaki siku hizi asije akadanganyika.

Linalowafaa wazee hawa zaidi ni betri na sauti. Nimetafuta betri ya miliampu-saa 5,000, maana umeme wa kule tunaujua. Betri ya lithiamu huchoka. Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya hutakiwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo wa betri baada ya kuchajiwa mara 800. Kwetu hapana budi kuuliza mapema kama fundi anaweza kuibadilisha. Spika nazo nimezijaribu katikati ya kelele za Kariakoo, nikimkumbuka Mwalimu wetu wa hesabu, aliyesikia kila mnong'ono wa safu ya nyuma, ambaye sasa hunitaka nirudie kila neno.

Na kila simu ipigwe *#06# kabla ya kulipa, namba itakayotokea ilinganishwe na ya kwenye boksi. Hamjasahau Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini, wengine wetu tukabaki na vipande vya plastiki mkononi.

Kwa hiyo napendekeza mgongo wa plastiki, laini mbili, nafasi ya kadi, na kava ya mpira. Kwa fedha tulizochanga tutapata zote saba, na chenji ya kuwawekea bando la miezi mitatu. Za kioo zingekuwa tano. Nani atakwenda kuwaeleza wale wawili?

Nimekuja na mbili za mfano. Naomba zipitishwe mezani. Ile ya kijivu imekwisha kuanguka mara moja, nilipokuwa nashuka basi hapo stendi.