ELEKTRONI KATIKA NJIA NYEMBAMBA



Askari wa zamu anayelinda usiku wa mvua katika vilima vilivyo juu ya Bujumbura hutegemea jicho lake, sikio lake na redio yake ya mawasiliano. Ishara ikifika dhaifu na kumezwa na mvumo, amri haisikiki. Na amri isiyosikika ni sawa na amri ambayo haikutolewa. Kwa sababu hiyo, jinsi elektroni zinavyotembea ndani ya kipande cha maada kilicho chembamba kuliko unywele si jambo la maprofesa peke yao. Linamhusu pia yule aliyekabidhiwa usalama wa raia.

Semikondakta ni maada iliyo katikati. Haipitishi umeme kwa urahisi kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo. Silikoni ni mojawapo, na galiamu iliyoungana na aseniki ni nyingine. Ili maada hiyo ipitishe umeme vizuri, hutiwa chembe chache ngeni zinazotoa elektroni. Lakini chembe zile zile zinazozitoa huzikwaza baadaye njiani. Ni mfano wa lori litokalo Gitega kuja Bujumbura, likisimamishwa kwenye kizuizi kila baada ya hatua mia: mzigo hufika, lakini hufika kwa kuchelewa na kwa vurugu.

Mwaka 1978 watafiti wa Bell Labs, nchini Marekani, walivitenga vizuizi na barabara. Walitengeneza tabaka safi la galiamu na aseniki, wakalipakanisha na tabaka lingine lenye alumini, na chembe ngeni wakazitia katika tabaka hilo la pili tu. Elektroni zikavuka na kukaa mpakani, upande wa tabaka safi, zikiwa zimeviacha vizuizi nyuma yao. Hapo mpakani nafasi yake ni nanomita kumi hivi, na nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Zinaweza kwenda mbele na kando, lakini haziwezi kupanda wala kushuka. Wataalamu huziita elektroni za pande mbili. Zikibanwa zaidi hubakiwa na njia moja, kama waya. Zikibanwa kila upande, hufungwa ndani ya nukta. Ugunduzi na utengenezaji wa nukta za namna hiyo ndio uliowapatia Bawendi, Brus na Ekimov Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023.

Matunda hayakukawia. Mwaka 1979 Takashi Mimura, wa kampuni ya Fujitsu nchini Japani, alibuni transista inayotumia tabaka hilo la elektroni. Kwa kuwa elektroni hazigongwigongwi, transista hiyo hukuza ishara dhaifu bila kuongeza mvumo mwingi. Mwaka 1985 ilitumika katika darubini ya redio ya Nobeyama, inayosikiliza mawimbi kutoka nyota za mbali; na kabla ya muongo huo kwisha ilikuwa imeingia katika vipokezi vya matangazo ya setilaiti. Mwaka 1987 watafiti wa Bell Labs walionyesha kwamba matabaka membamba ya aina hiyo yaweza kunasa miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Kwa njia hiyo umbo la mtu hutambulika gizani kwa joto la mwili wake.

Elektroni hizo zina kazi ya pili, nayo ni kupima. Usiku wa tarehe 5 Februari 1980, mjini Grenoble, Ufaransa, Mjerumani Klaus von Klitzing alizichunguza elektroni za pande mbili ndani ya transista ya silikoni. Aliipoza hadi karibu digrii 270 chini ya sifuri na kuiweka katika sumaku yenye nguvu nyingi mno. Ukinzani wa umeme uliopimwa kwa kukingama mkondo haukupanda kidogo kidogo, bali ulipanda ngazi kwa ngazi. Kila ngazi ilikuwa ni omu 25,812.807 ikigawanywa kwa namba kamili: moja, mbili, tatu, nne. Umbo la kipande halikuibadilisha namba hiyo, wala uchafu mdogo uliokuwamo. Von Klitzing alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Tangu mwaka 1990 mataifa yalikubaliana kulinganisha vipimo vyao vya ukinzani na ngazi hizo, na tarehe 20 Mei 2019 mfumo wa kimataifa wa vipimo ulifungamanishwa rasmi na namba za maumbile zinazozizaa.

Maana yake ni kubwa kwa nchi ndogo. Namba ipatikanayo Grenoble ndiyo ipatikanayo popote penye vifaa vinavyostahili. Haina ukubwa wa taifa wala udogo wake, na wala haihongeki. Fundi wa redio katika kambi hushika mita. Mita hiyo hulinganishwa na iliyo bora zaidi, na hiyo na nyingine, mpaka mnyororo ufike kwenye ngazi za von Klitzing. Mnyororo ukikatika, mita hupotoka pasipo mtu kujua. Fundi atatupa kifaa kizima na kurudisha kibovu kikosini, na gharama italipwa na askari aliye mbali akiita bila kujibiwa.

Tangu Desemba 2007, na kwa miaka mingi iliyofuata, wanajeshi wa Burundi walitumika Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Waliokwenda huko wanajua thamani ya sauti inayovuka mamia ya maili bila kupotea. Chombo chaweza kununuliwa kwa fedha. Ujuzi wa kukipima, kukitengeneza na kukikataa kikiwa hafifu haununuliwi dukani. Abdus Salam wa Pakistani alilifahamu jambo hilo alipoanzisha mwaka 1964, huko Trieste, Italia, kituo cha fizikia kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Mwaka 2018 tawi la kazi hiyo lilifunguliwa Kigali kwa ajili ya Afrika Mashariki, na fizikia ya maada ni mojawapo ya masomo yake.

Kwa hiyo kijana anayesoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Burundi, na askari kijana anayejifunza ufundi wa mawasiliano, hawafanyi kazi mbili tofauti. Wa kwanza akikosa vitabu na maabara, wa pili ataendelea kubeba chombo asichokijua. Wahenga walionya kwamba mtu asisafirie nyota ya mwenziwe. Anayelinda usiku kwa chombo ambacho hakuna katika nchi yake awezaye kukipima, anasafiria nyota ya mwingine. Na mwenye nyota akigeuka, yeye hubaki gizani.