KUPANGA NYUMBA KWA SIKU CHACHE HUKO ITALIA



Anayekwenda Italia pamoja na watoto hufikiria hoteli kwanza. Lakini familia ya watu watano huhitaji vyumba viwili au zaidi, na kula mkahawani kila siku humaliza akiba. Nyumba yenye jiko yaweza kuwa nafuu, ikichaguliwa kwa makini.

Kwanza, kabla ya kutoa fedha, ulizeni namba ya usajili iitwayo CIN. Tangu mwaka 2025 sheria inataka namba hiyo ionyeshwe katika tangazo na nje ya jengo. Tangazo lisilo na namba liachwe. Wala msikubali kulipa kando ya wakala aliyetangaza nyumba. Hiyo ndiyo njia ya matapeli.

Pili, hesabu iwe kamili. Roma, Florence na Venice hutoza wageni kodi kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo katika bei iliyotangazwa. Watoto wadogo husamehewa, kwa umri uliowekwa na kila mji. Ongezeni na ada ya usafi.

Tatu, ulizeni habari za ngazi. Majengo mengi ya kale hayana lifti. Katika mji wa kale wa Venice hakuna magari. Mizigo hubebwa kwa mikono juu ya madaraja. Aliye na mzee afikirie Mestre, upande wa bara, mwendo wa dakika kumi hivi kwa treni.

Ndugu zangu, fedha ya safari hukusanywa kwa misimu mingi. Isipotee kwa kukosa kuuliza.