Ukurasa Mmoja kwa Wiki: Kusahihisha Kiingereza cha Sekondari kwa Njia ya Mtandao



Naomba nianze na sentensi ya mwanafunzi wangu mmoja. Aliandika: "Every day I wake up at twelve in the morning." Programu ya kusahihisha iliyomo ndani ya kozi ilimpa alama zote. Kitenzi kimekaa mahali pake, tahajia haina doa. Lakini mimi namfahamu binti huyu. Ana mtoto mdogo, na kabla hakujapambazuka vizuri keshawasha jiko la chapati. Alikusudia saa kumi na mbili asubuhi, yaani "six". Mgeni akiisoma sentensi ile atadhani anaamka usiku wa manane, au analala mpaka jua la utosi.

Hoja yangu ya leo imo ndani ya kosa hilo. Tumeshughulika sana na video, taa na ubao mweupe, tukasahau kwamba kozi ya Kiingereza ya mtandaoni inasimama au kuanguka kwenye kusahihisha. Na msahihishaji awe mtu anayejua Kiswahili kinavyohesabu saa.

Wanafunzi ninaowazungumzia ni watahiniwa wa kujitegemea. Wapo wanaorudia mtihani wa kidato cha nne, na wapo wanaoanzia Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Baadhi yao ni wasichana walioacha shule kwa ujauzito kabla ya Serikali kuruhusu, Novemba 2021, warudi madarasani. Wengine ni makondakta, walinzi, wauza maduka. Wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza na kukuta hata Baiolojia imegeuka Kiingereza. Hapo ndipo walipopotelea. Kwa hiyo wanakuja kwetu na woga wa zamani, si na daftari jipya tu.

Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020, walimu wengi tulikimbilia makundi ya WhatsApp. Tulifanya nini huko? Tulipiga picha notsi zetu tukazituma. Shule zikafunguliwa, wa kidato cha sita mwanzoni mwa Juni na wengine tarehe 29, lakini mazoea yakabaki. Kozi nyingi ninazoziona leo bado ni notsi zilizovalishwa video.

Vipindi vya moja kwa moja navyo nimevijaribu. Majina 30 kwenye kioo, maiki zimezimwa, na mimi nauliza swali kwa giza. Baada ya nusu saa wanaanza kutoweka mmoja mmoja, bando limekata. Niliacha, wala sijutii.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo simu inalifanya vizuri kuliko darasa, nami nilichelewa kuliona: ujumbe wa sauti. Sisi tuliovalishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili shuleni tunakumbuka jinsi kicheko cha wenzetu kilivyotufunga mdomo. Mtu akiwa peke yake na simu, hakuna wa kumcheka. Kondakta mmoja alinitumia dakika moja ya Kiingereza, pikipiki zikiunguruma nyuma yake, akaniambia baadaye kwamba alirekodi mara tisa ndipo akaridhika. Mara tisa! Darasani ningempata wapi mtu wa kurudia maneno yake mara tisa kwa hiari? Alisema, "My mother, he sells fish." Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika "yeye", basi ulimi wake ulikuwa umefuata njia uliyoizoea. Nilimjibu kwa sauti pia, nikagusa kosa hilo moja tu. Mengine manne niliyaacha wiki hiyo.

Kwa upande wa fasihi, adui yetu ni ule uchambuzi wa kurasa chache unaozunguka kwenye simu. Mwanafunzi anaukariri, kitabu chenyewe hajakifungua. Nilipofundisha Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia, sikuuliza dhamira. Niliuliza: Juliette alipoiba pesa za mahari zilizotolewa na wachumba wawili, ili mpenzi wake Oko alipe kwa pesa hizo hizo, je, ni mwizi? Kundi liliwaka mpaka usiku. Muuza duka mmoja alisema wazee ndio wezi, kwa kuwa walipokea mara mbili kwa bidhaa moja. Kiingereza chake kilikuwa kimevunjika, lakini hoja ilikuwa nzima, na hakuna uchambuzi ambao ungempa.

Kuhusu insha zinazoandikwa na mashine, nimeweka sharti: kila wiki ukurasa mmoja, kwa kalamu, kwenye daftari, upigwe picha. Mtihani wenyewe ni karatasi na kalamu. Najua mtu anaweza kunakili kutoka kwenye simu. Lakini binti wa chapati akiandika "six" kwa mkono wake mahali alipokuwa ameandika "twelve", nauona mstari aliokata, na najua kilichotokea kichwani mwake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Kituo kimoja nilichofanyia kazi kilinilipa kwa idadi ya video. Kusahihisha kulihesabiwa hisani. Tupige hesabu: wanafunzi 40, dakika 10 kwa kila ukurasa, ni dakika 400, karibu saa saba kila wiki. Nani atazitoa bure, mwaka mzima? Ndiyo maana kazi ile tukaiachia programu inayoamini watu wanaamka saa sita.

Ninachopendekeza ni kundi lisilozidi watu 25, ambalo kwa hesabu hiyo hiyo ni saa nne na dakika 10, na saa hizo ziandikwe ndani ya mkataba wa mwalimu kama vipindi vingine. Video zipunguzwe kama fedha haitoshi. Mwenyekiti, kurasa za wiki hii ninazo hapa kwenye simu, na 11 bado sijazigusa.