Kuhifadhi Vipuri Vidogo vya Umeme Katika Pikipiki Kuukuu

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Maneno hayo ni ya kweli kwa akiba iliyotunzwa. Lakini iko akiba moja ambayo huoza upesi, nayo ni vipuri vidogo vya umeme vinavyochukuliwa katika pikipiki kuukuu. Leo twapenda kuwaelezeni namna ya kuvihifadhi.

Tunaposema pikipiki kuukuu, twataja zile kama BSA Bantam, iliyoanza kuuzwa na Waingereza mwaka 1948, au Honda CG 125 za kwanza, zilizotoka Japani mwaka 1976. Pikipiki nyingi za siku hizi huwasha plagi kwa kifaa kilichofungwa kabisa, ambacho mpandaji hana la kukifanyia. Zile za zamani hutumia platini, yaani vipande viwili vidogo vya madini ambavyo hugusana na kuachana injini inapozunguka. Pamoja nazo kuna kondensa, iliyo ndogo kama kidole gumba. Kimoja kikiharibika, injini huzimika. Wala vipuri hivyo havipatikani katika kila duka, basi mwenye busara huchukua vyake.

Lakini kuchukua ni jambo moja, na kuhifadhi ni jambo jingine. Katika nchi yetu ya Bukoba na Muleba, adui wa kwanza ni maji. Mvua ya Bukoba kwa mwaka hufika kiasi cha milimita 2,000. Ile ya Dodoma haifiki theluthi yake. Adui wa pili ni mtikisiko. Barabara kuu itokayo Bukoba kwenda Biharamulo kwa njia ya Muleba ina lami, lakini ukiiacha na kuingia katika njia za vijijini, mawe na mashimo hutikisa kila kitu. Adui wa tatu ni vumbi la miezi ya kiangazi.

Mkulima wa kahawa atatufahamu kwa urahisi. Kahawa ikitiwa katika gunia kabla ya kukauka, gunia halitaiokoa; itaota ukungu humo humo. Vivyo hivyo kopo lililofungwa sana halifai kitu ikiwa umefungia unyevu ndani. Hewa ya mchana ina mvuke. Usiku ukiwa wa baridi, mvuke ule hugeuka matone na kushika kutu juu ya chuma. Basi anika kwanza kitambaa na kopo juani mpaka vikauke kabisa. Kisha tia ndani kile kifuko kidogo cha chembe za kunywa unyevu ambacho hukutwa katika sanduku la viatu vipya. Kama huna, funga mchele uliokaangwa mkavu na kupoa katika kitambaa, ukaubadilishe kila mwezi. Ganda kavu la mgomba lafaa sana kwa kufungia kahawa ya kutafuna, lakini usifungie platini, kwa maana hunywa unyevu na kuushika.

Sasa tutazame kila kipuri. Platini zifungwe katika karatasi safi na kavu. Usizipake mafuta mahali zinapogusana, kwa sababu mafuta yakiungua huacha masizi, na umeme haupiti vizuri. Kondensa ifungwe peke yake, na waya wake usikunjwe mara kwa mara, usije ukakatika kwa ndani. Plagi ivikwe kipande cha boksi gumu, maana udongo wake mweupe ukipata ufa, cheche hupotea njiani. Globu za taa zizungushiwe pamba au kitambaa laini, kila moja mbali na mwenzake. Waya mwembamba ulio ndani ya globu ndio unaokatika kwa kutikiswa. Tena andika juu ya kila globu nguvu yake. Globu ya volti 6 ikitiwa katika pikipiki ya volti 12 huungua mara moja. Na ile ya volti 12 ikitiwa katika pikipiki ya volti 6 huwaka kwa unyonge.

Kopo lenyewe liwekwe wapi? Lisiwe karibu na betri, kwa kuwa mvuke wa asidi hula chuma na shaba. Lisiwe karibu na bomba la moshi. Wala usitie vipuri ndani ya taa ya mbele, ingawa panaonekana pana nafasi. Chuma kikilegea humo hugusanisha waya. Mahali pazuri ni katika kisanduku cha vifaa, kopo likiwa limebanwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli lisicheze. Ukiona tundu dogo chini ya kisanduku hicho, usilizibe. Aghalabu liliwekwa makusudi maji yapate kutoka. Spana na bisibisi zikae nje ya kopo, zisije zikavunja vilivyo ndani.

Fyuzi yastahili maneno yake. Wako watu ambao fyuzi ikikatika huweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na pikipiki ikiendelea hujiona mafundi. Fyuzi ni mlinzi, naye hukatika ili waya zisiungue. Ukimwondoa mlinzi ukaweka karatasi, waya hupata moto chini ya tangi la petroli, na hasara yake mwaijua. Kwa hiyo weka fyuzi mbili au tatu za kipimo kile kile kilichoandikwa katika ile ya kwanza. Na fyuzi mpya ikikatika tena, tafuta ubovu katika waya, usiongeze kipimo.

Liko jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa. Kipuri kisichojaribiwa si akiba, ni tumaini tu. Ununuapo kondensa au globu, ifunge katika pikipiki, uitumie siku moja au mbili. Ikifanya kazi vema, ndipo uifute na kuihifadhi. Kila miezi mitatu fungua kopo mchana, utazame kama pana kutu.

Fikirini mtu anayepanda mlima wa Kamachumu usiku wa mvua, amepakia mzazi wa kufikishwa katika hospitali ya Ndolage. Injini ikizimika, aliye na platini zilizoliwa na kutu yuko katika shida kuliko asiye na kitu. Yule asiye na kitu angalijua mapema, akaomba msaada nyumba ya kwanza. Huyu wa kutu hupoteza nusu saa akihangaika na kitu kilichokufa zamani, na mgonjwa analoa. Basi tunzeni akiba zenu, zipate kuwatunza ninyi na wale mnaowachukua.