Rudini kwenye Zile Kaya

Wahitimu wa chuo hiki cha Mandewa, hapa Singida, sikilizeni.

Nimeifanya kazi ya maendeleo ya jamii hadi nikastaafu, na kuna jambo linaniuma bado. Tunahesabu fedha za ruzuku zilizotoka kwa kaya maskini, hatuhesabu kilichobaki. Siku ya malipo majina yanaitwa, picha zinapigwa, taarifa inapelekwa wilayani. Baada ya miaka mitano, nani anarudi kwa yule mama aliyelipwa kuuliza kama binti yake alimaliza darasa la saba?

Mwaka 2010 TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilifanya majaribio ya ruzuku hiyo Bagamoyo, Kibaha na kwa majirani zetu wa Chamwino. Vijiji vilikuwa 80: 40 vikaanza kulipwa, 40 vikasubiri ili vilinganishwe. Watafiti wakarudi, kisha wakarudi tena. Kwanza walikuta walengwa wanakwenda zahanati zaidi kuliko wenzao. Baadaye safari hizo zikapungua. Aliyefika mara moja tu angeandika lolote! Kumbe watu walikuwa wamejiunga na mfuko wa afya ya jamii, na afya zao zimeimarika. Sehemu ya fedha ilikuwa imegeuka mbuzi na kuku. Nanyi watu wa Singida, kuku sina haja ya kuwaeleza: mtoto akikosa daftari, jogoo anakwenda mnadani.

Mwaka 2012 ukaja mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ukafikia kaya zaidi ya milioni moja. Malipo yalipangwa kila baada ya miezi miwili. Hapo ndipo nina ugomvi. Nimeona malipo yakichelewa wakati wa njaa, na bibi mmoja akauza mbuzi jike mwenye mimba kwa bei ya kutupa. Fedha ilikuja baadaye, yote, na taarifa ikasema kaya imelipwa kikamilifu. Mbuzi na kizazi chake chote walikuwa wameshakwenda. Wanangu, kuchelewesha ruzuku ya maskini ni kumnyang'anya.

Mkipangiwa vituo, ombeni daftari la walengwa wa mwanzo. Nendeni kwenye zile kaya, hata kwa baiskeli, bila kamera. Ulizeni zizi lina nini leo. Walioondolewa orodhani kwa kuonekana wamejikwamua, mwaka ambao alizeti ilikubali, waulizeni mvua zilizofuata zimewaachia nini. Andikeni, halafu mniletee nakala. Macho yangu bado yanasoma, na walimu wenu wanajua ninapokaa.