Kujitayarisha Kubadili Springi za Lori Nyumbani

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo watu wengi huianza kwa haraka na kuimaliza kwa majuto, nayo ni kubadili springi za lori nyumbani, mbali na karakana. Hatutasema sana juu ya kufungua na kufunga. Tutasema juu ya matayarisho, maana hapo ndipo kazi hufaulu au huharibika.

Kwanza na tuifahamu springi yenyewe. Ni mapande ya chuma cha pua yaliyolaliana, lililo refu kabisa juu na lililo fupi kabisa chini. Pande la juu limekunjwa ncha zake zikawa matundu mawili, na katika kila tundu mna bushi na pini. Tundu moja limeshikwa imara. La pili limetundikwa katika kiungo kichezacho, kwa sababu springi ikilemewa hunyooka na kuongezeka urefu. Katikati iko boliti iliyopenya mapande yote, na kichwa chake hukaa katika tundu juu ya ekseli, ili ekseli isisogee. Tena ziko boliti zilizopindwa mfano wa herufi U, ambazo hubana springi na ekseli pamoja.

Mwaka mmoja lori lililochukua mahindi ya kijijini kwetu lilivunjika pande la juu la springi ya nyuma. Jirani yetu mmoja, mtu hodari wa mikono, aliliinua kwa jeki juu ya mchanga, akaingia chini. Baada ya kitambo akatoka kuja kutuomba spana. Alipokuwa bado mlangoni petu tukasikia kishindo. Jeki ilikuwa imedidimia. Tulipochungulia tuliona kofia yake imebanwa chini ya ekseli. Spana aliyoisahau ndiyo iliyomwokoa. Lakini si kila siku mtu huokolewa na usahaulifu wake. Yatupasa kuokolewa na akili zetu.

Basi, siku moja kabla ya kazi, safisheni matope na kutu, mkatie mafuta nati zote na kuziacha zilowe usiku kucha. Hesabuni mapande ya springi, pimeni urefu na upana wake, mkanunue zilizo sawasawa. Upande mmoja ukivunjika, ni afadhali kubadili pande zote mbili, kwani springi mpya na kuukuu haziinui sawa, na lori litaegemea. Nunueni pia pini, bushi, na boliti mpya za herufi U. Zile za zamani zimekwisha nyooshwa na kazi, wala haziaminiki tena. Msikubali pande lililovunjika lichomelewe, kwa maana moto huondoa ugumu na unyumbufu wa chuma, nalo litavunjika tena njiani.

Siku ya kazi, teremsheni mzigo wote, mkaliweke lori mahali pa sawa na pagumu. Wekeni kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Mtauliza, je, breki ya mkono haitoshi? Haitoshi, maana katika malori mengi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma, na hayo yakiinuliwa hayashiki ardhi tena. Legezeni nati za magurudumu kidogo kabla ya kuinua.

Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Lori likiisha inuliwa, liketisheni chesisi juu ya stendi za chuma, au magogo mapana ya mti mgumu yaliyopangwa kwa kupishana. Matofali msiyatumie, kwani hupasuka ghafula bila kuonya. Kisha wekeni jeki ya pili chini ya ekseli, mkaishushe polepole mpaka springi isiwe na nguvu ya kuruka. Fanyeni upande mmoja kwanza, ule wa pili ushike ekseli mahali pake. Wala mtu asifanye kazi hii peke yake. Na awepo mwenzake wa kumwangalia.

Kazi ikiisha, kazeni boliti za herufi U kwa kupishana, kidogo kidogo. Zile za bushi za mpira kazeni mwisho, lori likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Baada ya safari ya kwanza zikazeni zote tena, maana chuma kipya hujikalisha.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Mahindi yaweza kungoja siku moja zaidi. Watoto wa dereva hawawezi kupewa baba mwingine.